Mdogo wake amempita kuongea

Kuna jambo ambalo mzazi aliyejaliwa mtoto mwenye sindromu ya Down haambiwi siku ile ya kwanza wodini, na labda ni vizuri asiambiwe. Ukipata mwingine baada yake, itafika siku mdogo atampita mkubwa. Itatokea sebuleni kwako, ukiwa umesimama na mwiko mkononi.

Kwetu imetokea mwaka huu. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 9. Wa kati ana miaka 6, bibi yake alimpachika jina la Mzee kwa sababu hutembea amefunga mikono nyuma kama mwenyekiti wa mtaa. Kitinda mimba, wa kike, ametimiza mitatu. Huyu sasa anabishana, anasimulia ndoto na ameshajua kusingizia paka. Mzee ana maneno kama 40 hivi, na nusu yake tunayaelewa wa humu ndani tu. "Ati" ni chapati. "Baba" ni baba yake, lakini pia ni bajaji.

Kwa msomaji asiyefahamu, Mzee ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala haukutokana na nilichokula au nilichokitazama nikiwa mjamzito, ingawa mtaani bado wapo wanaonieleza kwa uhakika kabisa nilikosea wapi. Misuli yake ilikuwa milegevu tangu uchanga, hivyo alitembea akikaribia miaka miwili na nusu. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Wetu alipimwa, tukaambiwa uko salama, na usiku huo nililala. Kila mwaka tunapima tezi ya thairoidi, macho na masikio. Mwalimu mmoja aliwahi kutuambia Mzee ni mkaidi, akiitwa haitiki. Kumbe nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na majimaji, hakuwa anasikia vizuri.

Basi mdogo alipoanza kuongea, akajiteua mkalimani. "Mzee anataka maji." "Mzee amechoka." Mara nyingi alikuwa sahihi, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu Mzee akaacha kujisumbua. Mtaalamu wa matamshi alituelekeza tumsubiri aseme mwenyewe, au aonyeshe kwa ishara za mikono tulizomfundisha. Sasa nyumbani kuna sheria: hakuna kumjibia Mzee, tunahesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu kumi ni mbali sana. Huyu wetu huhesabu kwa sauti, "moja, mbili, tano, kumi!" kisha anajibu.

Asubuhi ni hivyohivyo. Mdogo ameshafunga vifungo, Mzee yuko kwenye cha pili, bajaji ya shule inapiga honi nje. Tumeamua kuamka dakika 20 mapema. Kumfungia ni rahisi, lakini akifungiwa leo atafungiwa na kesho.

Lililonikosesha usingizi lilitoka kwa binti mkubwa. Tulikuwa tunachambua mchele, akauliza bila kuinua uso, "Mama, nikiolewa, Mzee nitaenda naye?"

Nikamuuliza nani kamwambia hivyo. Shangazi yake. Wifi yangu ana mapenzi na wanangu, sina neno naye, ila alimwambia binti kwamba yeye ndiye mama wa pili wa Mzee. Baba yao ndiye aliyezungumza na dada yake, maana maneno kama hayo yakitoka kwa wifi huwa mengine.

Hata hivyo swali halikuwa la kitoto. Zamani wengi wa watoto hawa walifariki mapema, lakini siku hizi penye matibabu mazuri wengi hufika miaka 60. Mimi nina 36. Mzee akifika 50, nitakuwa na 80, Mungu akinijalia. Kwa hiyo mzigo wa kupanga ni wetu sisi wawili, na tumeanza kuweka akiba kwa jina lake, kidogo kidogo. Sitaki binti wa miaka 9 achague mume kwa kuangalia kama nyumba ina chumba cha ziada.

Nilimwambia, "Wewe ni dada yake, basi. Mengine tutayapanga sisi, na yeye mwenyewe akikua atasema anataka nini."

Akafikiri. "Na akisema anataka chapati?"

Wiki hii Mzee anajifunza kuosha kikombe chake. Viwili vimeshavunjika. Tumehamia vya bati.