Juja, Wanakojifunza Kuirudisha Roketi

Kwetu sisi watu wa Pwani, roketi si hadithi ya kusimuliwa. Wazee wa Malindi na Ngomeni wangali wanayakumbuka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, ambako kati ya mwaka 1967 na 1988 vilirushwa vyombo kwenda angani. Kimoja, kilichopaa tarehe 12 Desemba 1970, kilipewa jina la Uhuru. Lakini roketi zile hazikutarajiwa kurudi; zikimaliza kazi yake, masalia yake yalikuwa riziki ya bahari. Huko Juja, kando ya barabara kuu ya Thika, kilomita 35 hivi kutoka Nairobi, wapo vijana ambao roketi yao sharti irudi, tena irudi nzima.

Nilikwenda huko kwa ajili ya binti wa dada yangu. Anasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambako wanafunzi wana mradi wa roketi uitwao Nakuja, neno lisilohitaji mkalimani. Babake ni marehemu, na karo yake hutoka katika cherehani ya mamake. Siku moja mama huyo alisikia neno "baruti" kwenye simu, usingizi ukamruka. Katika ukoo zikaanza sauti za kutaka binti arejeshwe Mombasa asomee ualimu. Nikatumwa nikaone kwa macho yangu.

Juja ni mji wa wanafunzi: majengo ya kupanga yaliyosongamana, vibanda vya chapati na maharagwe, na asubuhi yenye baridi ya kumtafutisha mtu wa Pwani koti. "Shikamoo, mjomba," alinipokea langoni, akanipeleka moja kwa moja kwenye meza yao ya kazi. Nilitarajia kuonyeshwa moto na moshi. Nilionyeshwa nguo.

Ndiyo, nguo. Mwavuli wa roketi hushonwa kwa nailoni nyepesi, iliyofumwa kwa nyuzi nene za mraba-mraba ili ikitoboka tundu lisipanuke. Hukatwa vipande vyembamba juu na vipana chini, vikaunganishwa mpaka vikafanya kuba. Katikati ya kuba huachwa tundu dogo la kupitishia hewa, maana bila hilo mwavuli huyumba kama taa ya kuning'inia.

Ukubwa wake haukisiwi. Roketi ya kilo 5 ikitakiwa ishuke kwa mita 6 kwa sekunde, kuba lake huhitaji upana wa takriban mita moja na nusu. Ukitaka kuupunguza mwendo huo kwa nusu, kitambaa hakiongezwi mara mbili bali mara nne. Na kwa kuwa Juja iko juu sana kuliko usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Mwavuli uleule huko huanguka kwa kasi zaidi kuliko ambavyo ungeanguka Malindi, kwa kama asilimia 8.

Nikauliza: basi kwa nini msishone mkubwa kabisa, mkapumzika? Akacheka. Tatizo ni upepo. Roketi ikifungua mwavuli mkubwa ikiwa mita 900 juu, itachukua dakika mbili na nusu kufika chini, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 750 kutoka ilipodhaniwa, pengine juu ya paa la mtu. Kwa hiyo hutumiwa miavuli miwili. Mdogo hufunguka kileleni ili roketi ishuke upesi bila kupinduka ovyo. Mkubwa hungoja hadi karibu na ardhi.

Ama baruti iliyomkosesha dada yangu usingizi, ni gramu chache zinazopimwa kwa mizani na kuwashwa kwa umeme, watu wakiwa mbali. Kazi yake ni kuitenganisha roketi na kuusukuma mwavuli nje. Kinachotoa amri ni kidude cha kupima mgandamizo wa hewa: roketi ikipanda mgandamizo hupungua, na unapoanza kuongezeka tena, kidude hujua kwamba kilele kimepita. Mwavuli hufunikwa kwa kitambaa kisichoshika moto usije ukaungua kabla ya kufunguka.

Nikamkumbuka Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, aliyejirusha kwa mbawa katika karne ya 9. Al-Maqqari ameandika kwamba alipaa vyema lakini akaumia wakati wa kutua, kwa kuwa hakujifanyia mkia. Kupaa huwashughulisha wengi. Kutua huachiwa bahati. Mimi nilimwona binti huyu akiukunja na kuukunjua mwavuli mmoja mara nne, kwa kuwa kamba moja ilipita isipopaswa, na sikuona mchezo wa kitoto katika hilo.

Niliporudi Mombasa nilimweleza dada yangu yote. Habari ya baruti aliisikiliza kidogo tu, kisha akauliza: mishono yao wanaipiga mara moja au mara mbili? Vipande vinakatwa kufuata uzi wa kitambaa au mshazari? Mimi wa kitabu ningejuaje? Nikampa simu. Nikamsikia akimwambia bintiye kwamba kilichokatwa mshazari huvutika, na kwamba kuba lao likivuta upande mmoja walitazame hilo kwanza. Karo ya muhula ujao bado tunaitafuta.