Mtu Mzima Akikimbia

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Katesh, nimevuka miaka thelathini, nina mke na watoto, na nilikuwa nimeanza kukimbia. Wakati ule, huku kwetu Mbulu na Hanang, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, basi ng'ombe wameibwa au kuna aliyefariki. Akina mama waliacha majembe wakasimama. Wazee wa Kibarabaig waliinua fimbo kunisimamisha: "Mwalimu, kuna nini huko utokako?" Nikisema nafanya mazoezi tu, walinitazama kwa huruma.

Mbio zenyewe hazikuwa ngeni. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alitoka Karatu, ambayo ilikuwa bado Wilaya ya Mbulu. John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akalifunga bandeji, akamaliza wa 57 medali zikiwa zimeshatolewa. Lakini hao walikimbia kwa ajili ya taifa. Mimi nilitaka tu kujua kama mwili wa mtu aliyechelewa kuanza unaweza kufika kilomita 42.

Uwanja wangu ulikuwa barabara za mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, kwenye tambarare za Basotu, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. Dereva mmoja alinipimia kilomita kwa mita ya gari lake. Barabara hizo zilikata njia za mifugo ya Wabarabaig, na malisho yao mazuri yalikwenda na matrekta. Siwezi kuzisifia bila kulisema hilo.

Mwendo niliupata kwa mfugaji mmoja niliyefuatana naye kuteremka Ziwa Balangida kutafuta chumvi ya ng'ombe. Tangu alfajiri hadi jua kuchwa hatua yake haikubadilika, na hadithi haikumkatika. Nami nikajizoeza kukimbia huku naweza kuzungumza. Umbali niliuongeza kidogo kidogo. Magoti yakilalamika, niliupunguza hadi yatulie. Mbio ndefu niliziweka Jumapili baada ya misa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilishiba ugali na maziwa ya mgando, na vibuyu vya maji niliviacha kwenye nyumba za njiani. Raba zilikuwa adimu. Zangu nilizishona mpaka zikawa uzi mtupu.

Agosti ya mwaka huo wa 1978 Redio Tanzania ikatangaza: Gidamis Shahanga, kijana wa Katesh, umri miaka 20, ameshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39, akimwacha Mkanada Jerome Drayton nafasi ya pili. Wazee walinisimamisha tena, safari hii wakiuliza Edmonton ni mbali kiasi gani, na kama kuna milima.

Kilomita 42 nilizimaliza mwaka 1979. Petroli ilikuwa haipatikani kwa sababu ya vita vya Kagera, na barabara yote ilikuwa yangu. Shahanga aliposhinda mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982, Jumapili tulikuwa tunatoka kundi: walimu wenzangu, karani wa ghala, na mkunga wa zahanati, mama wa watoto wanne. Huyo mkunga ndiye aliyetushinda sote kwa umbali.