Programu inayoweza kufuta mtaro wa kale

Leo tuingie shambani. Uingereza, mwongozo wa serikali wa mwaka 1990 (PPG16) uliwezesha anayetaka kujenga atakiwe kuchunguza ardhi kwanza. Mpimaji hutembea na magnetomita, mstari baada ya mstari. Usumaku wa dunia huko ni kama nanotesla 50,000. Mtaro uliofukiwa zamani huongeza chache tu.

Mimi kilichonishika ni kusafisha data. Ili kuondoa michirizi, programu hutoa wastani wa kila mstari. Picha inapendeza kweli! Ila mtaro uliolala sambamba na njia ya mpimaji nao hufutika, na ramani inasema hapa hapana kitu. Mimi ningedai nione data ghafi kwanza, kabla tingatinga halijaletwa.