Habari za Mbuzi

Barua ya kupangiwa kituo cha kazi ya unesi niliifungua barazani kwetu Pangani. Mama akauliza, "Nainokanoka ndiyo wapi?" Sikujua. Machi 2011 nikapanda basi la Arusha na godoro, ndoo mbili na kanga kumi na mbili. Kanga! Huko nilikokuwa nakwenda ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Olmoti, na ukungu huingia mpaka chumbani bila hodi.

Kutoka Karatu unapita lango la Lodoare, gari linakwea msituni mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hapo watalii husimama kupiga picha. Sisi, juu ya magunia ya kabichi, tukaambaa na ukingo upande wa mashariki. Kabichi hutoka Karatu kwa sababu ndani ya hifadhi kilimo hakiruhusiwi. Mtoto wa Pangani niliyezoea kuchuma kisamvu nyuma ya jiko nikawa naulizia bei ya fungu la mchicha lililosafiri nusu siku. Nazi sikuulizia hata.

Mpaka wa nchi sikuvuka, lakini Kiswahili changu kiliishia getini mwa kituo. Bibi wa kwanza nilimwamkia shikamoo. Yeye akasema "Takwenya," akakaa ananitazama, anangoja. Sikujua kwamba natakiwa kujibu "Iko." Nyuma yake kijukuu kikaniinamishia kichwa. Nikavaa glavu, nikaanza kukitafuta mapunye. Foleni nzima ikacheka. Kumbe mtoto huinamisha kichwa aguswe utosini na mkubwa, ndiyo salamu yake.

Hayo nilijifunza haraka. Kilichonishinda ni ng'ombe. Mhudumu aliyenitafsiria, kaka mmoja mzaliwa wa pale, alikuwa na kawaida moja: mgonjwa akiketi, kwanza ng'ombe hawajambo? Ndama je? Mbuzi? Mvua? Malisho? Dakika kumi zinakatika, mtu anatetemeka kwa homa, na nje wamekaa wengine thelathini. Wiki ya tatu nikamwambia, "Kaka, tuziache hizo. Muulize anaumwa nini, basi." Akatii.

Akaja kijana mmoja, homa, kichwa, mwili kuuma. Kwetu Pangani homa ni malaria, mengine utayafikiria baadaye. Kipimo cha haraka kikatoa mstari mmoja tu: hana. Nikasema kipimo kimeharibiwa na baridi, nikampa dawa ya mseto. Leo nikikumbuka naona haya, maana kipimo kilikuwa kizima. Palipoharibika ni kichwani mwangu.

Baada ya wiki mbili alirudi akiegemea bega la mama yake. Homa inakuja jioni na kuondoka, usiku analoa jasho, kiuno hakikunjiki. Mama akaketi, akaeleza kwa Kimaasai, kirefu, akihesabu kwa vidole. Mhudumu kimya.

"Amesema nini?"

"Habari za mbuzi tu, nesi. Ulisema tuziache."

"Hebu niambie."

Mbuzi wanne walikuwa wametupa mimba, na huyu kijana ndiye aliyewavuta wale vitoto kwa mikono mitupu. Maziwa ya zizi lile alikuwa akiyanywa mabichi kila asubuhi.

Nikampa rufaa. Hospitalini wakakuta brusela, ugonjwa ambao mtu huupata kwa mnyama, kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa majimaji ya uzazi, na ambao mseto hauugusi. Vidonge vyake ni vya wiki 6. Alivimaliza.

Baada ya hapo nikamwomba mhudumu anifundishe maswali yote ya mifugo, kwa mpangilio wake. Kumbe ndani mlikuwa na kila nilichohitaji. Mbuzi wakiwa wamepelekwa Engaruka, kule bondeni kwenye joto, aliyewachunga amelala na mbu, na kipimo cha malaria lazima. Wakiwa hapa hapa juu, nasikiliza kifua, nauliza mimba zilizotupwa. Katika kuchemsha maziwa sijashinda. Mzee mmoja aliniambia maziwa yaliyochemshwa ni ya mgonjwa, na yeye haumwi.

Mwaka 2022 baadhi ya kaya zilianza kuhamia Msomera, Handeni, katika mpango wa serikali. Handeni ni mkoa wa Tanga, kwetu. Yule mama wa mbuzi naye akaenda. Jioni moja simu ikalia.

"Takwenya," nikasema.

"Iko."

Nikauliza ng'ombe. Hawajambo. Mbuzi? Wamezaa. Mvua? Imenyesha, madimbwi kila mahali.

"Na wewe, mama?"

"Mimi ni homa, siku ya tatu. Labda ni zile za mbuzi?"

"Umepima malaria?"

"Malaria?" Akacheka, akakohoa. "Kwani hao mbu wenu wanatoka wapi?"

Nikamwambia asubuhi aende zahanati, asisubiri.