Wakala Wako Nani, Kimeidhinishwa?

Huku Uingereza ukisema umeandika riwaya, wanaoijua kazi hii watakuuliza wakala wako ni nani. Nyumbani Voi, Kenya, ukisema hivyo hivyo, utaulizwa kama kitabu kimeidhinishwa. Nimeulizwa yote mawili, na sasa najua kila upande mlango uko wapi na bawabu wake ni nani.

Ya huku ni mafupi. Wachapishaji wengi wakubwa wa London hawapokei mswada kutoka mkononi mwa mwandishi. Sharti upitie kwa wakala, ambaye akifaulu kuuuza hukata asilimia 15 ya chako. Unampelekea barua ya ukurasa mmoja, muhtasari na sura za mwanzo, kisha unakaa ukingoja miezi. Jibu likija huwa ni ujumbe wa wote, jina lako limepachikwa tu juu. Wengine wametangaza kabisa kwamba kimya chao ndilo jibu. Hata Abdulrazak Gurnah, mtu wa Zanzibar aliyekuja huku akiwa kijana, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987 akikaribia miaka 40. Na sisi wasomaji wa Kiswahili tulimngoja zaidi: Paradise ya 1994 tulikuja kuisoma kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022, Nobel ikiwa imeshatolewa.

Nyumbani hakuna wakala. Unapanda treni ya SGR pale Voi, bahasha mapajani, na ukifika Nairobi unajipeleka mwenyewe hadi kwa mchapishaji, unaandika jina kwenye daftari la askari wa getini, unaacha mzigo mapokezi. Barua pepe zinapokelewa siku hizi, ila asiyeonekana husahaulika upesi. Na mhariri, kabla hajafungua ukurasa, atataka kujua: hiki ni cha kidato gani?

Simlaumu. Soko letu ni shule. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitoka 2014, na ilipoteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kuanzia 2018, kila mtahiniwa nchini akawa hana budi kuisoma. Riwaya nzuri isiyoteuliwa hubaki na marafiki wa mwandishi. Kwa hiyo kila mchapishaji anaandaa kazi huku jicho likiwa kwa taasisi ya mitaala, KICD, na mwandishi naye anajifunza kujikata mapema.

Hapo ndipo milango hii miwili iliponichekesha. Riwaya yangu, niliyoiandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, inahusu wanawake wanaochimba vito upande wa Kasigau. Wakala mmoja wa huku aliipenda, akauliza mbona kitabu cha karibu na mbuga ya Tsavo hakina ndovu. Ndovu yumo! Yumo sura ya tano, usiku, amevunja tangi la maji na kumaliza mahindi ya mama mmoja, na asubuhi mama anahesabu hasara akisubiri maafisa wa wanyamapori. Alichotaka wakala ni ndovu wa machweo, yule wa kalenda. Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki kwa sababu ndovu huogopa nyuki; nikamweleza hayo, akasema inapendeza, tuiongeze.

Mswada wa Kiswahili, Nairobi, ulirudi na kalamu nyekundu kwenye kilabu cha mbangara, pombe yetu ya kienyeji. Wanawake wangu hukaa pale Jumamosi jioni, wanakunywa, wanasemana, na siri yote ya kitabu inafichuka hapo. "Hii shuleni haitapita," niliambiwa. Hawa waweke kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, ilifungiwa shule za Tanzania kwa kusema ukweli kuhusu wasichana, halafu baadaye ikaruhusiwa. Nilipoitaja, mhariri alitabasamu akanikumbusha kwamba mimi si Kezilahabi.

Binamu yangu, mwalimu huko Voi, alichoka na bawabu wote. Alilipia mwenyewe uchapaji wa riwaya yake Nairobi, akaomba ISBN kwa huduma ya maktaba ya taifa, akashusha maboksi sebuleni. Ndipo akagundua duka la kumuuzia limebaki jina. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Wauza vitabu wa miji midogo wakabaki na madaftari, manila na gundi. Juu ya hayo kuna VAT ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu mwaka 2013, ambayo huku Uingereza kitabu hakitozwi. Huku pia, chini ya sheria ya 1979, kitabu chako kikiazimwa maktaba ya umma unalipwa peni kadhaa. Kule kikipendwa, kinapelekwa fotokopi.

"Kaka, wewe huko unakataliwa na watu usiowaona," aliniambia kwa simu. "Mimi anayenikataa anabishana nami bei palepale." Anauzia siku za wazazi, na soko la Taveta Jumatano na Jumamosi. Ana wasomaji wanaomsimamisha stendi kumgombeza kwa alivyomuua mhusika fulani. Kusema kweli hilo ndilo ninalomwonea wivu, kuliko mkataba wowote wa London.

Kwa hiyo mswada wa Kiingereza nimeuacha uendelee kungoja. Wa Kiswahili tunauchapa naye, kilabu cha mbangara kikiwa palepale. Mwalimu mkuu mmoja wa Mwatate ameshaagiza nakala kadhaa za ofisi ya walimu. Za maktaba ya wanafunzi, amesema, tuzungumze baadaye.