Kutoka Tengeru Kupanda Akheri

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuwasimulia wasomaji, na hasa vijana, safari fupi iliyonifunza nisilojifunza kwa miaka mingi ya kusomesha.

Tengeru ni mji mdogo mashariki ya Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Soko lake la Jumatano na Jumamosi ni mashuhuri, na karibu yake pana Ziwa Duluti, lililo ndani ya shimo la volkano ya kale. Kaskazini ardhi yainuka kuelekea Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,562. Njia za huko, kama ile ya Akheri, zapita kati ya migomba na mibuni, na aghalabu hupanda bila ya kumpa mtu pumziko.

Juu huko akaa mwanafunzi wangu aliyekuwa ameacha chuo. Nilimtaka ahifadhi ukurasa mzima kila siku, asiweze; nikamwita mvivu mbele ya wenzake, naye hakurudi. Siku hiyo nalikwenda kumtafuta.

Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya gia moja. Kabla ya nusu ya njia nalikuwa nimesimama juu ya pedali, magoti yaniuma, pumzi zimenipaa. Nikashuka nikaisukuma. Mara akanipita fundi baiskeli kijana wa pale sokoni, amepakia gunia la unga, ameketi kitini pake, miguu ikizunguka upesi na baiskeli ikienda polepole. Akasimama.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Gia yako hiyo si ya watoto?"

Akacheka kwa adabu. "Maalim, natuhesabu meno."

Gurudumu la meno la mbele la baiskeli yangu lina meno 44, na la nyuma 18. Kila nizungushapo pedali mara 1, nasogea mita 5 na kidogo. Gia yake ya chini kabisa ilikuwa na meno 24 mbele na 28 nyuma. Mzunguko 1 humsogeza kama mita 1 na robo tatu. Basi kwa mwendo wa kilometa 6 kwa saa, mimi huzungusha miguu chini ya mara 20 kwa dakika, kila mara kwa uzito wa mwili mzima. Yeye huzungusha karibu mara 57, na kwa mzigo ulio sawa, nguvu ya kila mkanyago wake ni theluthi ya yangu. Kilima ni kile kile. Yeye amekigawa vipande vidogo.

Akanipa na nasaha: gia ibadilishwe kabla ya mwinuko, mnyororo ungali mlegevu, mtu akae kitini, na miguu ikianza kuzunguka kwa uzito, ateremshe gia asingoje kuchoka. Mwenye gia moja aweza kutia nyuma gurudumu la meno 22, ingawa penye tambarare atazungusha miguu zaidi. Na kabla ya kuteremka, breki zote mbili zikaguliwe.

Kule Ufaransa, Paul de Vivie alihimiza gia za kubadilisha zaidi ya miaka mia iliyopita, lakini mashindano makubwa ya Tour de France hayakuruhusu mtambo wa kubadilisha gia mpaka mwaka 1937. Walioyaongoza waliona gia nyepesi ni udhaifu. Kiburi hicho ndicho nilichokuwa nacho mimi, barabarani na chuoni pia.

Nilipofika kwa yule kijana, nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Tukapatana aya 3 kila siku, bila ya kukosa. Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu amali ndogo idumuyo, hayo nimeyasomesha mara nyingi, wala sikuyatumia kwa mtoto huyu.

Hajaimaliza bado Juzuu Amma, lakini hakosi darasa. Enyi wazazi na walimu wenzangu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, tutazame kwanza mzigo tuliomtwika.

Wabillahi taufiq.