Mtu wa Ujiji asiyekula samaki



Dada, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza ndani ya basi nikitoka kazini, mpaka jirani yangu wa kiti akawa ananitazama ninavyocheka peke yangu. Unasema walikuja wageni waliokuwa wakisubiri boti ya kwenda Gombe, wakaingia mgahawani kwako hapo Mwanga, Kigoma, na mmoja wao akatoa kikaratasi kilichoandikwa Kiswahili safi kwamba akila karanga anaweza kufa. Wasichana wa jikoni walicheka kwanza, halafu wakaogopa. Wewe ukampa wali mweupe na chai ya rangi, ukamsindikiza kwa dua. Sasa unaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwenye aleji wa ukoo mzima: huko Ulaya watu wa aina hii wanakula wapi?

Wanakula kila mahali, dada. Nami nimo, na ulafi wangu unaujua.

Kwa wasomaji wasionijua niseme tu kwamba nilizaliwa Ujiji na mwili usiotaka samaki. Si dagaa, si mgebuka, si kuhe, si ngege, si sangala. Kuna mitihani mikubwa zaidi duniani, lakini katika mji ule ni michache inayozidi huu. Kwetu dagaa ni kitoweo, ni ada ya shule, ni mahari. Pwani ya Katonga kukicha wamekwisha kumwagwa kukauka, wengine kwenye mchanga, wengine juu ya chanja, na upepo ukigeuka kutoka huko mimi macho yalivimba kabla sijamwona hata mmoja. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema jini la ziwani limenipenda. Mwingine akasema nadeka. Bibi ndiye pekee ambaye hakutafuta maelezo: alininunulia kijungu changu cha maharage, akakiwekea mwiko wake, na aliyeuchovya mwiko ule kwenye mchuzi wa dagaa alikiona cha moto. Baadaye nilipokuja kusoma wanavyoshauri madaktari bingwa wa mzio, sikukuta jambo kubwa ambalo bibi hakuwa akilifanya.

Wallahi, dada, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na simu zenu zote zikawa ni kilio cha bei ya kitoweo, nilifurahi kidogo. Kwa miezi mitatu Kigoma nzima iliishi maisha yangu.

Kinachonisumbua kina jina: parvalbumini, protini iliyo kwenye nyama ya samaki. Ubaya wake haujali moto. Dagaa umkaange kwa mawese, umkaushe, umsage umtie kwenye unga wa lishe wa mtoto, protini ni ileile, na hata mvuke wa sufuria huibeba. Kamba, yule wa baharini mwenye magamba na miguu mingi, ana protini nyingine kabisa, kwa hiyo kamba nakula hadi nalamba vidole. Bibi aliondoka duniani akiamini kwamba hilo ni hila yangu ya kuchagua vyakula vya bei kubwa.

Hapa Birmingham nilipoanza kula nje nilikuwa bado na tabia za nyumbani: unaingia, unakaa, unasoma menyu kwa hofu, unaagiza kitu unachokidhania salama, unamkodolea macho mpishi. Kuuliza nilikuwa naona haya. Wewe unajua kwetu kumuuliza mpishi "umetia nini humu?" kunavyosikika. Ni kama umemwambia ni mchafu, au mchawi. Lakini tangu Desemba 2014 kuna sheria, wakati ule ya Umoja wa Ulaya na hapa imebaki hata baada ya Uingereza kujitoa, inayotaja vitu 14 ambavyo kila muuza chakula lazima aweze kukuambia kama vimo: samaki, karanga, jamii ya korosho na lozi, maziwa, mayai, ufuta, soya, haradali, ngano na wenzake, na kadhalika. Kwenye pakiti za dukani vinaandikwa kwa wino mzito. Mgahawani, mhudumu mara nyingi anakuwahi yeye: "Kuna mwenye mzio mezani?" Anauliza kwa sauti ileile anayoulizia maji ya kunywa. Kisha analeta jalada, au anaingia jikoni na kurudi na jibu.

Sheria haikuniponya. Iliniondolea haya, na kwa mtu anayependa kula hilo ni zaidi ya nusu ya safari.

Usidhani ilikuja kwa hisani. Julai 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa vitu ndani katika uwanja wa ndege wa Heathrow, akapanda ndege ya kwenda Nice na baba yake. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wa mkate, na karatasi iliyoufunga haikutaja. Alichomwa sindano mbili humohumo angani, hazikumwokoa. Mkate uliotengenezwa na kufungwa papo hapo dukani ulikuwa hauhitaji lebo kamili. Wazazi wake walipambana mpaka tarehe 1 Oktoba 2021 ikaanza kazi sheria inayoitwa kwa jina la binti yao, na sasa unahitaji. Mwaka 2017 kijana mwingine, Owen Carey, alikwenda mgahawani London kusherehekea kutimiza miaka 18. Alieleza kwamba hawezi maziwa. Kuku aliyeletewa alikuwa amelowekwa kwenye mtindi. Familia yake nayo bado inadai kila mgahawa uandike, usitegemee midomo ya wahudumu.

Basi mitego ipo, sheria au bila sheria. Chipsi za hapa, chakula ambacho Mzungu akiona mvua anakikimbilia, mara nyingi hukaangwa karai moja na samaki. Naagiza chipsi za watu wengine kwa macho tu. Kuna mji jirani unaitwa Worcester, na tangu 1837 unauza mchuzi mweusi wa chupa ambao umeingia kwenye kila jiko la nchi hii: kwenye nyama ya kusaga, kwenye mkate wa jibini, hata kwenye juisi ya nyanya. Ndani yake kuna visamaki vya baharini vilivyooza kwa chumvi na siki, jamaa wa mbali wa dagaa wetu. Nimekimbia Katonga, Katonga imenifuata kwenye chupa.

Kimbilio langu ni balti. Katika Mtaa wa Ladypool na ile mitaa ya Sparkbrook, Wapakistani walianzisha upishi huu miaka ya 1970, na kilichonivuta si viungo peke yake, ni utaratibu wenyewe. Kila mteja ana karai lake dogo la bati jembamba. Mpishi analiweka juu ya moto unaovuma, anatupia kitunguu, nyama, pilipili hoho, anatikisa mpaka ndimi za moto zinapanda ukingoni, na karai hilohilo linakuja mezani likiwa bado linachemka, unamega kwa naan. Hakuna sufuria kubwa ya watu wote, hakuna upawa unaozunguka. Mara ya kwanza kuliona nilisimama dirishani nikamkumbuka bibi na kijungu chake. Hata hapo lakini nauliza: kikaango kilichopita kilikuwa na samaki? Mpishi mmoja mzee hunijibu kwa kunionyesha karai likiwa tupu, analigeuza huku na huku mbele ya taa, halafu ndipo analiweka motoni.

Kimbilio la pili ni Wahabeshi. Jumatano na Ijumaa Wakristo wao wa Orthodox hufunga kula vya mnyama, basi sinia la siku hizo ni injera ya tefu na dengu, mboga za majani, kabichi, na shiro ya unga wa jamii ya kunde na viungo. Mwislamu wa Ujiji nimenenepa kwa mfungo wa watu wengine.

Kwa ndugu zetu wa Afrika Magharibi ni kinyume. Napenda harufu ya jikoni zao na siwezi kuingia. Supu ya Kinigeria inatiwa kamba wakavu waliosagwa, ambao ningewamudu, lakini ndani yake pia kuna samaki mkavu mgumu anayetoka Lofoten huko Norway, ambako wanamtundika kwenye chanja za miti akaushwe na upepo wa baridi. Hebu fikiria: Norway wana chanja, nasi tuna chanja, na mimi katikati sina pa kupita.

Lakini nikuambie wagumu kuliko wote? Watanzania wenzangu. Sherehe ikifanywa ukumbini hapa, kila mama analeta sufuria lake limefungwa kanga, na hakuna jalada wala menyu. Mchuzi wa nazi umetiwa kipande cha nguru "kuleta ladha", kipande kimeondolewa, na sasa ni mchuzi mtupu, mwanangu, kula. Nikikataa nasusa. Nikieleza, naambiwa kidogo tu hakiwezi kukudhuru, mbona sisi tumekula tangu utotoni. Hawa wananipenda, na ndio hatari yenyewe: mhudumu Mwingereza anaogopa sheria, mama mtu mzima haogopi kitu. Siku hizi naenda nimeshakula, nabeba sahani yenye biriani ya jirani ninayemwamini, na kwenye picha nacheka na wenzangu.

Kusafiri ni habari nyingine. Nina kalamu mbili za adrenalini, na popote niendapo zinakwenda zote mbili, kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, pamoja na barua ya daktari. Hazitaki joto linalozidi nyuzi 25 na hazitaki friji, kwa hiyo nikija kwetu nazifunga kwenye kipochi kinachotunza ubaridi na sikisahau dirishani mwa gari. Nchi nazichagua kwa jikoni. Japani ninaitazama kwenye picha: msingi wa supu zao nyingi ni samaki mkavu aliyeparuzwa vipande vyembamba. Thailand na Vietnam mchuzi wa samaki kwao ni chumvi.

Na treni yetu ya kutoka Dar mpaka Kigoma, reli iliyofika kwenu 1914, mnayoilalamikia nyote? Kwangu ni moja ya safari salama. Kila stesheni kinachopandishwa dirishani kina ganda lake: yai la kuchemsha, ndizi mbivu, hindi, karanga ndani ya maganda. Hakuna aliyekiungia mchuzi. Taabu huanza behewa likianza kunukia mgebuka wa abiria mwenzangu, hapo nahamia mlangoni.

Sasa turudi mgahawani kwako. Kisamvu chako cha karanga usikiache kwa sababu ya mgeni mmoja. Watu wanatoka Gungu kukifuata. Ila kipike kwenye sufuria lake, na upawa wake usivuke kwenda kwenye maharage. Mafuta yaliyokaangia migebuka yasikaangie chipsi, au yakikaangia, sema. Wasichana wako wafundishe neno "sijui". Adabu yetu inatufanya tumjibu mgeni "hakuna" ili asinung'unike, na hilo neno ndilo linaloua. Mpishi akiniambia "hapo sina hakika" namwamini kwa vyote vingine anavyoniambia, na hurudi kwake.

Mgeni akianza kuvimba midomo, kutoka mabaka, kukohoa au kubanwa koo, usimpe maziwa, wala usisubiri kuona kama itapita. Muulize kalamu yake iko wapi. Inachomwa pajani upande wa nje, hata juu ya suruali. Mlaze, miguu uiinue. Akihema kwa shida mwache akae. Asisimame wala kutembea. Kisha gari, hospitali ya Maweni, mara moja, hata akisema amepata nafuu, maana hali ile huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Na ule ubao wako wa bei pale mlangoni, nafasi ipo. Mbele ya kila chakula andika kilichomo: Kisamvu, kina karanga. Maharage ya nazi, hayana samaki. Mandazi, yana maziwa na ngano. Chaki haigharimu. Wenyeji watakucheka wiki ya kwanza, halafu utashangaa wangapi watakuja kukunong'oneza kwamba na wao, au mtoto wao, kuna kitu kinamkataa na walikuwa wanaona aibu kusema.

Nakuja Desemba, inshallah. Mimi na karanga hatuna ugomvi, kwa hiyo mzigo aliouacha yule mgeni wa Gombe ni wangu. Niwekee kisamvu, sahani ya kufurika, na ugali wa muhogo. Shemeji mwambie asinipokee na lile gari analobebea dagaa kutoka Kibirizi; aje na bajaji.

Wasalimie wote, na watoto uwabusu.

Mdogo wako,
Birmingham